Ubao wa ukutani kwa wasafirishaji: hesabu saa za kusimama, si za kutembea

Ukimuuliza mmiliki wa malori ana magari mangapi, atakujibu papo hapo. Muulize mwezi uliopita kila gari lilifanya safari ngapi, lilisimama siku ngapi na kwa sababu gani, hapo atamwita karani. Karani naye atafungua madaftari mawili matatu, atampigia wakala wa mpakani, atatafuta ujumbe wa wiki iliyopita kwenye simu, na baada ya nusu saa mtapata jibu la nusu. Taarifa zote zipo, ila hakuna mahali zinapoonekana kwa pamoja.

Makala haya yanaeleza njia ya zamani na ya gharama ndogo ya kuzikusanya taarifa hizo: ubao wa ukutani unaoonyesha lengo ni lipi na kazi imefikia wapi, ili kila mwenye mkono katika kazi hiyo aone mwenyewe. Njia hii inatumika viwandani, hospitalini na kwenye ujenzi. Kwa wasafirishaji na wafanyabiashara wa mipakani ina faida ya ziada, kwa sababu timu yao haikai chumba kimoja. Dereva yuko Singida, wakala yuko Rusumo, fundi yuko chini ya gari, na mwenye mzigo yuko Kigali anapiga simu kila baada ya saa moja.

FEDHA INALALA WAPI

Tuchukue mfano wa kampuni yenye malori 12 yanayobeba makontena kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo. Umbali ni karibu kilomita 1,500. Lori lenye mzigo likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa linahitaji saa 30 za kutembea. Dereva akiendesha saa 10 kwa siku na kulala usiku, hizo ni siku tatu. Kurudi ni siku tatu nyingine. Jumla sita.

Sasa tuseme mzunguko mzima, tangu gari linapopangiwa mzigo hadi linarudi yadi tayari kupangiwa mwingine, unachukua siku 15. Siku sita tumeziona. Tisa ziko wapi? Zimegawanyika vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna anayevijumlisha: siku moja na nusu kusubiri nyaraka za bandarini, nusu siku gereji kwa sababu ya tairi ambalo lingebadilishwa mapema, siku mbili mpakani, siku mbili Kigali kusubiri nafasi ya kushusha ghalani, siku tatu kutafuta mzigo wa kurudi nao. Kila mhusika anakijua kipande chake, na kila mmoja anaona kipande chake ni kidogo.

Kwa mzunguko wa siku 15 kila lori linafanya safari mbili kwa mwezi, yaani safari 24 kwa malori yote. Zikipungua siku tatu tu za kusimama, mzunguko unakuwa wa siku 12, kila lori linafanya safari mbili na nusu, na kampuni inapata safari 30. Safari sita zaidi ni sawa na kuongeza malori matatu, bila kwenda benki kukopa na bila kuajiri dereva mpya. Na ikumbukwe kwamba kontena nalo lina saa yake. Kampuni ya meli inatoa siku maalumu za kurudisha kontena tupu bila malipo, zikipita tozo inaanza kuhesabiwa kwa dola kila siku, na ubishi wa nani alipe kati ya msafirishaji na mwenye mzigo umevunja urafiki wa watu wengi.

Kwa hiyo namba inayostahili kukaa ukutani si mwendo wa magari. Ni siku na saa ambazo magari yamesimama, na sababu zake.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila lori lina kifaa cha kufuatiliwa kwa satelaiti, ubao wa nini? Ni kweli, na kwa mizigo ya kupita nchi jirani kuna hata lakiri za kielektroniki. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa kuifuatilia mizigo hiyo kwa njia hiyo. Lakini kifaa kinakuambia gari liko wapi. Hakikuambii kwa nini halitoki hapo. Isitoshe, picha ya kifaa huwa anaiona mtu mmoja ofisini kwenye kompyuta yake, na fundi wa breki haijui kabisa.

KWA NINI KUONA KUNASAIDIA

Mhandisi wa Marekani Henry Gantt aliipa umaarufu miaka ya 1910 michoro ya mistari inayoweka sambamba kazi iliyopangwa na kazi iliyofanyika, tarehe zikiwa juu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza michoro hiyo ilitumika Marekani kusimamia ujenzi wa meli za mizigo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Taiichi Ohno wa kampuni ya magari ya Toyota huko Japani aliingiza utaratibu wa kadi zinazotembea pamoja na vipuri, ili kila idara izalishe kile tu ambacho idara inayofuata inakihitaji. Ohno alieleza kwamba wazo hilo lilitokana na supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kufuatana na kile mnunuzi alichoondoa. Utaratibu huo unaitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya ubao wa tangazo. Kadi hizo ndizo tutakazoziazima hapa chini.

Kuhusu akili ya mtu, mwaka 2006 watafiti Ran Kivetz, Oleg Urminsky na Yuhuang Zheng walichapisha majaribio yao kuhusu kadi za wateja wa mgahawa wa kahawa, zile ambazo ukinunua mara kumi unapata kikombe cha bure. Wateja walinunua kwa haraka zaidi kadiri walivyokaribia muhuri wa mwisho. Kuna waliopewa kadi ya mihuri 12 ambayo miwili imeshagongwa, na waliopewa kadi tupu ya mihuri 10. Wote walitakiwa kununua vikombe kumi, lakini wale wa mihuri miwili ya bure walimaliza mapema. Mtu akiona ameshaanza safari, anaongeza hatua.

Utafiti mwingine, wa Teresa Amabile na Steven Kramer, uliotoka kama kitabu mwaka 2011, ulipitia karibu kumbukumbu 12,000 za shajara zilizoandikwa na wafanyakazi 238 wa kampuni saba. Waligundua kwamba jambo lililochangia zaidi siku njema kazini lilikuwa kuona kazi yenye maana imesogea mbele, hata kama ni kidogo. Kwa karani anayeshinda kutwa akipokea simu za malalamiko, au wakala anayekaa mpakani miezi bila kuambiwa asante, hilo si jambo la kupuuza. Mtu huyo anafanya kazi ambayo mwisho wake hauoni. Anakabidhi nyaraka, lori linaondoka, basi. Hajui kama haraka yake ilisaidia chochote.

KUUTENGENEZA UBAO

Ubao mweupe wa mita mbili kwa moja unatosha. Usipopatikana, plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi na chaki ni sawa, na ina faida moja kwamba chaki haikauki kama kalamu za rangi. Gawanya ubao kwa mistari ya wima, sehemu saba: Yadi na gereji. Kupakia. Njiani kwenda. Mpakani. Kushusha. Kusubiri mzigo wa kurudi. Njiani kurudi.

Kila lori liwe na kadi yake ngumu ya ukubwa wa kiganja, yenye namba ya gari na jina la dereva, inayobandikwa kwa sumaku au kutundikwa kwenye msumari. Gari likihama hatua, kadi inahamishwa. Kufikia hapo ubao unaonyesha kitu kimoja muhimu ambacho daftari haliwezi kuonyesha: msongamano. Ukiingia ofisini ukakuta kadi tano zimerundikana chini ya "Kusubiri mzigo wa kurudi", huhitaji ripoti ya mwisho wa mwezi.

Sasa weka kusimama. Kila nusu siku ambayo gari limesimama bila kuwa mapumziko ya dereva, chora mstari mmoja mwekundu kwenye kadi na herufi ya sababu chini yake. N kwa nyaraka, F kwa fundi, M kwa foleni ya mpaka au mzani, G kwa ghala la kushusha, R kwa mzigo wa kurudi. Usiziongeze herufi zikafika kumi na mbili. Nimeshaona ubao wenye vifupisho ambavyo hata aliyevitunga alikuwa akivisoma kwa kutazama karatasi iliyobandikwa pembeni, na baada ya mwezi mmoja ukageuka mahali pa kutundikia kalenda.

Upande wa kulia wa ubao acha nafasi ya picha ya mwezi. Chora mstari wa chini wenye tarehe 1 hadi 30 na mstari wa pembeni wenye idadi ya siku za kusimama. Tuendelee na mfano wetu: malori 12, safari mbili kila moja, siku tisa za kusimama kwa kila safari, jumla ni siku 216 kwa mwezi. Lengo ni siku sita kwa safari. Kwa safari 30 hizo ni siku 180. Chora mstari mnyoofu wa kijani kutoka sifuri hadi 180 siku ya mwisho ya mwezi. Kila asubuhi weka nukta ya jumla mlikofikia na uiunganishe na ya jana. Nukta ikiwa chini ya kijani mko vizuri, ikiwa juu mmechelewa. Hata mlinzi wa getini ataelewa.

Wengi hupenda badala yake kuchora barabara nzima, Dar es Salaam, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Rusumo, na kusogeza vigari vya karatasi juu yake. Inapendeza na wageni huipiga picha. Lakini gari linalotembea halihitaji msaada wa mtu yeyote ofisini, na mchoro huo unamaliza ukuta wote kwa kuonyesha sehemu ya safari isiyo na tatizo.

Jambo la usalama. Kwenye ubao usiandike aina ya mzigo wala thamani yake. Shaba, vifaa vya umeme, sigara na mafuta vina watu wanaovisubiri njiani, na ofisi ya usafirishaji hupitiwa na madalali, mafundi wa nje na wauza vocha. Namba ya gari na hatua iliyofikia vinatosha. Ubao usitazame dirishani.

NANI ASHIKE CHAKI

Hapa ndipo mbao nyingi hufa. Mmiliki anaununua, anachora mwenyewe, anamwagiza karani aujaze kila jioni, na baada ya wiki tatu karani anaujaza kwa kukisia. Kanuni ni kwamba anayeifanya kazi ndiye anayeiandika. Mkuu wa gereji ahamishe kadi zake mwenyewe, anayeshughulikia bandari ahamishe zake, na anayezungumza na madereva ahamishe za njiani na mpakani. Kutembea hadi kwenye ubao na kuchora mstari mwekundu kwenye kazi yako mwenyewe si sawa na kuandikiwa na mtu mwingine.

Saa mbili asubuhi wote wasimame mbele yake kwa dakika kumi. Wasimame kweli, kikao cha kukaa kitachukua saa nzima. Wasizungumzie magari yanayotembea. Waanze na kadi yenye mistari myekundu mingi. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Hii ya Rusumo ina siku ya pili. Inasubiri nini?"

"Nyaraka, mzee. Wakala anasema namba ya tela iliyoandikwa siyo ya tela lililofika."

"Imekuwaje tena?"

"Tulibadilisha tela hapa yadi usiku. Lile la kwanza breki zilikuwa mbovu."

"Na wakala aliambiwa?"

Kimya. Mkuu wa gereji anadhani ofisi ilisema, ofisi ilidhani nyaraka zilikuwa hazijatoka. Siku mbili za lori, posho ya dereva na utingo, na lawama zote wakati huo zilikuwa zimeelekezwa kwa maofisa wa forodha ambao hawakuwa na kosa. Tatizo la namna hiyo halihitaji mkutano na serikali. Linahitaji sharti moja, kwamba tela likibadilishwa, kadi haiondoki yadi mpaka wakala athibitishe namba mpya. Sharti hilo liandikwe chini ya ubao, na wiki zinazofuata herufi N zihesabiwe kuona kama zimepungua.

Dereva hayupo kwenye kikao hicho, naye ndiye anayeishi ndani ya hizo saa. Posho aliyopewa ya siku kumi na tano ikiisha siku ya kumi, anakopa kwa mama ntilie wa mpakani au anauza dizeli, na kampuni inakuja kujua baadaye kwamba ilikuwa inaokoa fedha mahali pasipostahili. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya kikao, ubao upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la simu la madereva. Dereva akiona kadi yake ina mistari minne na herufi G, anajua kwamba ofisi inajua kuwa amekaa siku mbili kwenye geti la ghala na si yeye aliyelala baa. Kwa madereva wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kusimama kwao kunaandikwa kwa sababu yake halisi. Na watakusahihisha. "Bosi, hiyo siyo M, mpakani tulipita juzi, nimekwama tairi." Ubao usiokubali kusahihishwa na dereva hauna maana.

YASIYO MIKONONI MWENU

Msafirishaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: foleni ya mpakani nitaipunguzaje mimi? Januari 2022 madereva waligoma kwenye mipaka ya Kenya na Uganda kwa sababu ya sharti la kupima Uviko-19 kwa malipo, na malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi kutoka Malaba na Busia. Hakuna ubao wa ofisini ambao ungelifupisha foleni ile.

Ndiyo maana herufi M inapaswa kukaa peke yake, isichanganywe na nyingine. Kwenye picha ya mwezi chora mistari miwili: wa kwanza siku zote za kusimama, wa pili siku zilizo ndani ya uwezo wenu, yaani N, F, R na sehemu kubwa ya G. Timu ipimwe kwa mstari wa pili. Ukiwapima kwa foleni ya Tunduma watakata tamaa mwezi wa kwanza, na watakuwa na sababu.

Lakini M isitupwe. Njia zetu kuu zina vyombo vinavyofanya kwa nchi nzima kile ambacho ubao unafanya kwa yadi. Sekretarieti ya Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao Mombasa, na wakala wa Ushoroba wa Kati, wenye makao Dar es Salaam, zote zina vituo vya takwimu za usafirishaji vinavyofuatilia muda wa mizigo kukaa bandarini, kwenye mizani, mipakani na barabarani. Mombasa walikwenda hatua moja mbele. Mwaka 2014 taasisi za serikali na za binafsi zinazotumia bandari zilitia saini mkataba wa jumuiya ya bandari, kila moja ikikubali malengo yake, na matokeo yakaanza kuwekwa wazi kwa wote. Hilo la kuwekwa wazi ndilo lenye uzito. Taasisi ikijua kwamba namba yake itasomwa na jirani yake, inajibu simu mapema.

Msafirishaji mwenye mbao za miezi sita, zenye tarehe na saa za M kwa kila gari, anaingia kwenye kikao cha chama cha wasafirishaji au cha kituo cha mpakani akiwa na kitu mkononi. Anayesema "tunacheleweshwa sana" atasikilizwa kwa adabu. Anayesema malori yake yaliyofika mpakani Ijumaa jioni yamekaa mara tatu zaidi ya yale yaliyofika Jumanne, ataulizwa tarehe, na anazo.

UBAO UKIGEUKA FIMBO

Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha, kwamba takwimu ikishatumiwa kuwabana watu, uhusiano wake na hali halisi huanza kuvunjika. Watu hujifunza kuirekebisha namba badala ya kazi. Kwenye malori jambo hili lina hatari zake za pekee, nazo si za kinadharia.

Kwanza, kama utazawadia safari fupi kuliko zote, umemwambia dereva asilale. Mwendo wa juu wa lori zito Kenya na Tanzania ni kilomita 80 kwa saa, na hakuna zawadi ya ofisini inayoweza kumrudisha mtu aliyesinzia kwenye mlima wa Sekenke. Ndiyo sababu nyingine ya kuhesabu kusimama na si kutembea, na ya kuyaacha mapumziko ya dereva nje ya hesabu kabisa. Mapumziko yasichorwe kwa nyekundu. Yasichorwe kwa rangi yoyote.

Pili, mzani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Ukimbana karani wa kupakia kwa saa tu, ataruhusu mzigo uliopangwa vibaya, ekseli moja ikazidi, na saa alizookoa asubuhi zikaliwa mara nne kwenye mzani, pamoja na faini.

Tatu, na hili huwa halisemwi kwa sauti, ukimbana wakala kwa saa za mpakani bila kumuuliza anazipunguzaje, atazipunguza kwa bahasha. Mwezi mmoja picha yako itapendeza. Mwezi wa pili utaona fungu la "mengineyo" kwenye hesabu zake limenona, na gari lisilo na bahasha ndilo litakalosimamishwa. Sharti liwe wazi tangu siku ya kwanza: nusu siku iliyochorwa kwa ukweli haina adhabu, nusu siku iliyonunuliwa ina adhabu.

Na mwenye kampuni naye ajichunge. Asubuhi atakayomfokea mtu mbele ya ubao kwa mstari mwekundu aliouchora mwenyewe, ndiyo asubuhi ya mwisho kuona mstari mwekundu wa kweli.

VIKUNDI VYA WAFANYABIASHARA WADOGO

Msomaji asiye na lori asidhani haya hayamhusu. Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanaijua njia hii kwa jina jingine. Mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ambao umeenea hadi kwetu, una sanduku lenye kufuli tatu na vitabu vya wanachama ambamo hisa zinagongwa mihuri. Mwanachama asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake na kujua alipofika. Hiyo ni picha ya maendeleo, na imewasaidia watu kuweka akiba kwa miaka mingi.

Kikundi cha akina mama kumi wanaotaka kununua mchele kwa pamoja, wakodi gari moja badala ya kila mmoja kupanda basi na magunia mawili, wanaweza kuchora magunia 60 kwenye karatasi kubwa na kupaka rangi gunia moja kila fedha yake inapotimia. Chini yake waandike hatua nyingine zinazosahaulika mpaka siku ya safari: cheti cha afya ya mimea, gari lililokodiwa, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Cheti hicho ndani ya Afrika Mashariki ni kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, kwa hiyo lazima waamue mapema kama mzigo ni wa kila mmoja na cheti chake au ni mmoja wa kikundi unaohitaji taratibu za kawaida. Nimeona fedha zikitimia na safari ikakwama wiki mbili kwa karatasi moja. Ingekuwa imechorwa kama gunia la 61, ingeonekana.

Jambo moja tu la kuangalia: ubao wa kikundi uonyeshe jumla ya kikundi. Nani amechangia ngapi na nani anadaiwa kubaki kitabuni. Mwenye mtoto hospitalini mwezi huo akiona jina lake lina nafasi tupu mbele ya watu wote, hatakuja kikao kijacho.

KUANZA

Wiki mbili za kwanza msiweke lengo lolote. Chora mistari, sogeza kadi, hesabu. Mtashangazwa na herufi inayoongoza, kwa kuwa mara nyingi si ile mliyokuwa mkiilalamikia. Wiki ya tatu chagueni herufi moja tu ya kuipunguza, iliyo mikononi mwenu, na muipe namba. Nyingine ziendelee kuandikwa bila kusukumwa.

Mwisho wa mwezi, kabla hamjafuta, pigeni picha ubao mzima na muiweke pamoja na vitabu vya hesabu. Kampuni ya meli ikileta bili ya kuchelewesha kontena, au mwenye mzigo akisema gari halikuwahi kusimama kwenye geti la ghala lake siku mbili, picha hiyo ina tarehe, namba ya gari, jina la dereva na herufi G nne mfululizo.